Kopo la Nje

Regina Mkude alikuwa na ufunguo mmoja tu duniani, na aliuvaa shingoni kwenye uzi mmoja na rozari. Sista Editha alikwisha kumkanya mara mbili kwamba rozari si mkufu na ufunguo si medali. Regina aliitikia "ndiyo, Sista," na kesho yake vyote viwili viko palepale, vinagongana kila apandapo ngazi za bweni. Ufunguo wenyewe ulikuwa wa kufuli dogo la uzio wa kipimamvua.

Kama hujawahi kukiona kipimamvua, usidhani ni mtambo wa kutisha. Ni kopo la bati, refu na jembamba, limefukiwa ardhini hadi kiunoni. Mdomoni lina faneli, na ndani yake imekaa chupa. Mvua inaanguka kwenye faneli, inashukia chupani. Kila siku saa tatu kamili asubuhi mtu anafungua, anamimina maji ya chupa kwenye silinda ya kioo yenye mistari, anasoma milimita, anaandika daftarini. Basi. Ugumu wake ni mmoja tu: mtu huyo asisahau, asilale, asiseme leo kuna baridi.

Sekondari ya Wasichana ya Mtakatifu Bibiana imekaa mgongoni mwa Uluguru, juu ya barabara ya Matombo, upande ule ambao mvua haiulizi msimu. Shule nyingine za Kanisa zina vikombe vya netiboli na kwaya zinazoalikwa hadi harusini. Mtakatifu Bibiana ilikuwa na daftari la mvua. Tangu Regina alipoingia kidato cha kwanza hadi sasa yuko cha tatu, siku zaidi ya mia saba, hakuna mstari uliorukwa. Hata wakati wa likizo masista walipokezana kusoma. Chini ya shule kuna mto mdogo wenye daraja la magogo, na watoto wa shule ya msingi hulivuka kwenda na kurudi. Kwa ajili yao Klabu ya Sayansi ilitengeneza jedwali. Mvua ikipita milimita hamsini, bendera ya njano inapanda kwenye mlingoti wa sekondari. Ikipita mia inapanda nyekundu, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi akiiona nyekundu anawazuia watoto mpaka maji yapungue.

Kazi hiyo ndiyo ingepelekwa mjini Morogoro kwenye Siku ya Taaluma ya shule za Kikatoliki, wiki moja baada ya Pasaka. Washindi wa kwanza wangekwenda Dar es Salaam. Na Regina alitaka kwenda Dar es Salaam kuliko alivyotaka kitu kingine chochote. Baba yake, mzee Tomasi, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, zamu zake hazijui sikukuu, na katika miaka yote ya shule hakuwahi kufika siku ya wazazi hata mara moja. Lakini ukumbi wa mashindano wa Morogoro ulikuwa mwendo wa miguu kutoka kwao, mtaa wa Mafiga. Alikwisha kuahidi kwamba safari hii atakuja.

Tatizo, kama lilikuwa tatizo, liliitwa Shakila Salum.

Shakila alihamia shuleni kidato cha pili, akitoka sekondari ya kata. Kwao ni hapohapo mlimani. Ukisimama kwenye kamba za kuanikia nguo unaliona paa la bibi yake katikati ya migomba na midalasini. Alikuwa Mwislamu, mmoja wa wasichana kumi na wanne Waislamu wa shule ile, na alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kiluguru ambayo wasichana wa mjini waliiga kwa kumtania mpaka alipokuwa wa kwanza kwenye fizikia. Baada ya hapo utani ulipungua. Mwezi wa kwanza Sista Editha, mwalimu wa fizikia na mlezi wa klabu, alitangaza kwamba watakaowasilisha kazi mjini ni wawili. Regina ataeleza mvua, Shakila ataeleza mto, maana mto huo ameuvuka tangu akiwa mgongoni kwa mama yake.

Tuseme ukweli, Regina hakumchukia Shakila. Angemchukia ingekuwa nafuu, angeungama yakaisha. Alichotamani ni kwamba Shakila apungue kidogo tu, abaki mzuri lakini wa pili.

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani ziliingia wiki moja. Mpishi alilalamika kwamba hajui tena nani anakula lini, na Mkuu wa Shule akaagiza uji wa wanaofunga Ramadhani uwe tayari jua likizama, tena wa moto, si wa kupashwa. Wiki ya pili ndipo wasichana Wakatoliki waliingia mafungo. Mafungo ya Mtakatifu Bibiana yanajulikana. Kuanzia Alhamisi asubuhi hadi Jumamosi jioni hakuna kusema, hakuna kunong'ona, hakuna vikaratasi wala kuonyeshana kwa mikono. Padre Agustino, aliyekuja kuongoza, aliwaambia kwamba ukimya ni sadaka na sadaka haichungulii pembeni. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini iliyowafikia waliokaa mbele tu, kwamba hata hivyo jirani akiwa na hitaji la kweli, mtu afumbue mdomo, Mungu atasubiri. Regina alikuwa amekaa mbele.

Jumatano jioni alimkabidhi Shakila ufunguo. Kengele ya chakula ilikuwa imekwisha kugongwa, na kumfundisha kulichukua dakika tano.

"Unatoa faneli hivi. Unatoa chupa. Unamimina taratibu, jicho liwe sawa na mstari. Unaandika, unapandisha bendera kwa jedwali. Umeelewa?"

"Nimeelewa," Shakila alisema. "Na hili kopo?"

"Hilo linashika chupa."

Kuhusu kopo hakuongeza neno. Hakukusudia vibaya, hilo tumwandikie upande wake. Kopo lina kazi nyingine: chupa ikijaa, maji yanayozidi humwagikia ndani ya kopo, na msomaji anatakiwa kuyapima nayo, ajumlishe. Sista Editha alimfundisha hivyo akiwa kidato cha kwanza. Lakini chupa inachukua milimita sabini na tano, na tangu waanze hawakuwahi kuona mvua ya kuijaza. Kitu usichokitumia hutoka akilini chenyewe.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ilinyesha.

Haikuwa mvua ya kusimulia kwa kucheka. Ilipiga mabati ya bweni mpaka wasichana waliokuwa katika ukimya wakashikana mikono gizani, kinyume cha kanuni, na hakuna aliyeuliza. Asubuhi ilikatika. Saa tatu walio kwenye mafungo walikuwa kanisani na vijitabu vyao vya tafakari, na Regina amekaa kwenye benchi la dirishani, upande unaotazama bustani na uzio wa kipimamvua.

Alimwona Shakila akifika, kanga kichwani, akifungua kufuli. Akamwona akitoa faneli, akitoa chupa iliyojaa hadi shingoni, akimimina, akisoma, akiandika. Kila kitu sawasawa, jicho na mstari. Kisha Shakila akainama, akaling'oa kopo. Lilikuwa zito, alilishika kwa mikono miwili. Akasimama nalo kidogo, akageuka upande wa kanisa, halafu akalimwaga kwenye mchaichai wa Sista.

Regina alijua. Hakukuwa na dakika ya kutojua. Kabla kopo halijainamishwa alikuwa amekwisha kujua kwamba yale maji ndiyo hesabu yenyewe, na kwamba kugonga kioo kwa kidole kungetosha. Aliinamisha kichwa, akatazama kijitabu chake. Akajiambia: niko kwenye ukimya, nimemwahidi Mungu. Na chini ya maneno hayo, mahali ambapo hata yeye hakupenda kushuka, palikuwa na furaha. Ndogo, tamu, kama sukari iliyoibwa jikoni. Alipoinua macho mchaichai ulikuwa unang'aa kwa maji na Shakila anapandisha bendera ya njano.

Saa sita na nusu mchana maji ya kutoka juu, kwenye msitu, yalifika chini kwa pamoja na kulibeba daraja. Magogo mazima, na kamba zake. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa shule ya msingi huachia watoto mapema kwa ajili ya swala. Mtoto wa mwisho alikuwa amevuka nusu saa kabla.

Habari hizo Regina alizipata Jumamosi jioni, ukimya ulipofunguliwa na bweni zima likaanza kusema kwa wakati mmoja. Aliketi kitandani akiwa na mswaki mkononi. Alisubiri ile furaha ya dirishani aione iko wapi, hakuiona. Alisikia baridi tu.

Sista Editha hakuhitaji siku nyingi. Jumatatu aliwaita wote wawili maabara, daftari limefunguliwa mezani.

"Tumsifu Yesu Kristo," Regina alisema.

"Milele amina."

"Shikamoo, Sista," Shakila akasema.

"Marahaba. Njooni hapa." Aliweka kidole kwenye mstari wa Ijumaa. "Sabini na tano nukta sifuri. Mvua haina adabu ya kusimama kwenye namba kamili hivi, tena namba ya chupa yetu. Shakila, ulipima chupa?"

"Nilipima, Sista."

"Na kopo?"

Shakila alitazama kopo la akiba lililokuwa kwenye rafu. Regina aliona jinsi jambo lilivyomfikia, polepole, kutoka machoni hadi mabegani.

"Lilikuwa na maji," Shakila alisema. "Niliyamwaga."

"Yalikuwa kiasi gani?"

"Mengi, Sista. Nililibeba kwa mikono miwili."

Sista Editha alivua miwani. Alikuwa mtu wa hasira fupi na masikitiko marefu, na wasichana waliyaogopa zaidi masikitiko. "Basi ilipita mia," alisema. "Ilipaswa kuwa nyekundu. Tuliwapa njano watoto wale, na Mungu ndiye aliyewavusha." Akamgeukia Shakila. "Hukufundishwa habari ya kopo?"

Hapo ndipo Regina alipopaswa kusema. Sentensi ilikuwa tayari, yenye maneno manne au matano, alikuwa nayo mdomoni. Shakila alimtazama mara moja tu.

"Regina alinifundisha, Sista," alisema. "Mambo yalikuwa mengi. Huenda nilisahau mimi."

Sentensi ya Regina ikarudi ilikotoka.

Hukumu ilikuwa nyepesi kwa kuitazama. Mstari wa Ijumaa ulifutwa kwa wino mwekundu ukaandikwa "haikupimika". Shakila alirudisha ufunguo, akaondolewa klabuni mpaka muhula ujao, na mjini angekwenda kama mtazamaji, pamoja na kidato chote. Regina angewasilisha peke yake, mvua na mto. Kile alichokitamani alikipata chote, kwa bei ya kunyamaza mara mbili, akagundua hakiliki.

Kwaresima iliendelea. Kila Misa, kwenye maungamo ya wote, wasichana hupiga kifua wakitaja kukosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Regina alikuwa amelisema neno hilo la mwisho tangu komunyo ya kwanza bila kujua ni la nini. Siku zote aliliona kama limewekwa hapo kujaza nafasi. Sasa alijua ni la nini. Ijumaa ya kitubio aliungama kucheka kanisani, kula karanga bwenini, na kumjibu mama yake vibaya kwenye simu wakati wa likizo. Padre akampa Salamu Maria tatu. Alizisali haraka, maana alijua hazikuwa za deni lenyewe.

Siku ya Idi, ambayo nayo iliangukia Ijumaa, Shakila aliruhusiwa kwenda kwa bibi yake akarudi jioni na kapu. Bweni lilinukia pilau hadi korido. Aligawa kwa sahani za plastiki, akacheka na kila mtu, kisha akaja kitandani kwa Regina na kifurushi tofauti kilichofungwa kwa jani la mgomba.

"Nimekumbuka leo Ijumaa, hamli nyama," alisema. "Bibi amekupikia vitumbua. Nilimwambia kuna mmoja anapenda."

"Nilikuambia lini napenda vitumbua?"

"Mwaka jana. Tulikuwa tunafua."

Regina alivila vyote sita, kwa sababu kuacha kungeuliza maswali. Usiku ule alilia ndani ya shuka, na tusimwonee huruma haraka, kwa sababu asubuhi aliamka akaenda maabara kufanya mazoezi ya kuwasilisha.

Ukumbi wa Morogoro ulikuwa na feni nne, mbili zikifanya kazi. Shule kumi na moja zilipanga meza zao: majiko ya pumba, sabuni za mwarobaini, roboti ya maboksi kutoka shule moja ya wavulana iliyokwenda hatua tatu ikaanguka na kupigiwa makofi hata hivyo. Mzee Tomasi alikuja. Alikaa safu ya nne na shati lake jeupe la kanisani, mikono imeshika magoti, akitazama chati ya binti yake kwa heshima ya mtu asiyeielewa. Nyuma kabisa walikaa kidato cha tatu, na Shakila kati yao, amepakata mfuko wa chakula cha wote.

Regina aliwasilisha vizuri. Wenzake walikubali baadaye kwamba hajawahi kusema vizuri vile. Alieleza kipimamvua, akaeleza mto na siku ulipobeba daraja, akaonyesha bendera mbili, na majaji watatu wakaandika. Mmoja wao, mzee mwembamba aliyesemekana amefanya kazi ya maji maisha yake yote, aliinuka akaja mpaka kwenye chati, akaifuata kwa kidole mpaka penye pengo.

"Siku zaidi ya mia saba," alisema, "na moja tu haina namba. Nami naona ndiyo siku mto ulipopanda kuliko zote. Ilikuwaje?"

Jibu lilikuwepo. Sista Editha alimwandikia: kulitokea hitilafu ya usomaji, tumeongeza mafunzo. Ni jibu zuri, wala si uongo. Regina alifungua mdomo kulitoa. Akaona safu ya nne. Akaona safu ya nyuma, Shakila ameinama, anapanga upya vikombe ndani ya mfuko ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Hakumtazama Regina. Hakuwa anangoja kitu chochote. Ni hilo lililomshinda Regina, si tisho wala ndoto wala sauti ya malaika.

"Haikupimika kwa sababu yangu," alisema.

Jaji aliondoa kidole kwenye chati.

"Nilimwachia mwenzangu kipimo nikaenda mafungo. Nilimfundisha harakaharaka, sikumwambia kwamba maji yakizidi yanaingia kwenye kopo la nje. Asubuhi ile nilikuwa kanisani, nikamwona kwa dirisha anayamwaga. Nilijua anakosea. Nikanyamaza. Na alipoulizwa na Sista nikanyamaza tena, akaondolewa yeye."



"Ulinyamaza kwa sababu ya mafungo?" jaji aliuliza.

Na hapa alipewa mlango wa kutokea, wazi kabisa, na kila mtu ukumbini angemwelewa.

"Hapana, mzee. Mafungo nilijificha humo tu. Nilifurahi kumwona akikosea."

Mzee aliandika kitu. Akafikiri, akauliza tena, bila ukali: "Na hizo siku nyingine zote? Kuna nyingine mliyoinyamazia?"

"Hakuna."

"Nitajuaje?"

Regina alisimama pale na bendera mbili mkononi, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba daftari halikuharibika siku ile moja tu, kwamba alikuwa ameweka shaka kwenye kila mstari ambao yeye na masista waliuandika kwa uaminifu. Hilo lilimuuma kuliko aibu.

Mtakatifu Bibiana walikuwa wa tatu. Walipewa vyeti na saa ya ukutani. Wa roboti ndio waliokwenda Dar es Salaam.

Mzee Tomasi alimfuata nje, karibu na bomba. Regina alijiandaa kwa lolote. Baba yake alimwondolea kipande cha uzi kilichokuwa kimeganda kwenye kola ya sare.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado, baba."

Akatoa mfukoni mfuko wa karanga za Gairo, zile nyekundu, akamwekea mkononi. Kisha akaenda zake, maana alikuwa anaingia zamu ya saa kumi. Regina alizila zote palepale huku anafuta macho kwa kiganja chenye chumvi.

Waliporudi mlimani, Sista Editha alimwita pembeni ya basi akanyoosha mkono. Regina akavua uzi shingoni. Sista alifungua fundo, akachukua ufunguo, akamrudishia rozari.

"Hii ni yako," alisema. "Weka mfukoni. Ufunguo utakuwa kwa Shakila. Wewe utamsaidia kusoma kila siku mpaka mwisho wa muhula, na atakuambia la kufanya." Alianza kuondoka, akageuka. "Umenisikitisha mara moja na kunifurahisha mara moja. Bado sijajua ipi ilikuwa kubwa."

Jumatatu, kabla ya saa tatu, Regina alikuwa uzioni. Nyasi zilikuwa na umande, mlimani hakukuwa na wingu. Alikuwa na hotuba ya kuomba msamaha, ameitunga Jumapili nzima, na tusifiche kwamba ndani yake alijisikia msafi, karibu shujaa. Si kila msichana angesema vile mbele ya ukumbi. Moyoni alitarajia Shakila naye alione hilo.

Shakila alifika, akafungua kufuli, akatoa faneli. Regina akasema yote aliyokuwa ameyatunga. Shakila alisikiliza mpaka mwisho, chupa mkononi.

"Nilikuwa najua," alisema.

"Ulikuwa unajua nini?"

"Kwamba uliniona. Nami nilikuona." Aliinua kidevu kuelekea dirisha la kanisa. "Lile kopo lilikuwa zito, nikashangaa. Nikasema moyoni, maji mengi hivi, mbona hakuniambia habari zake? Nikageuka, nikakuona uko pale dirishani unanitazama. Nikasema, kama nakosea Regina atanikataza, hata kwa jicho. Ukainamisha kichwa. Nikajua umeniitikia. Ndipo nikamwaga."

Regina alishika mti wa uzio.

"Kwa nini hukumwambia Sista?"

"Nilikuwa nimefunga," Shakila alisema. "Ukimsema mtu, saumu inabaki njaa tu. Na wewe pia ulikuwa kwenye mfungo wako. Nikasema akimaliza atasema mwenyewe." Alimimina maji ya chupa kwenye silinda, akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari. "Ramadhani ikaisha. Nikakuletea vitumbua. Nikasema labda leo."

Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na ingekuwepo Regina angejua la kufanya nayo. Ile hotuba na ule ushujaa wa ukumbini vilimtoka. Aliona asubuhi moja baada ya nyingine, wiki sita nzima, na mtu mmoja bweni moja na yeye akimngoja bila kumwambia kwamba anangojwa.

"Mbili nukta nne," Shakila alisema. "Andika."

Regina aliandika. Shakila akaling'oa kopo kwa mikono miwili kama siku ile, ingawa leo lilikuwa jepesi, akalisogeza mpaka chini ya uso wa mwenzake.

"Angalia vizuri. Una hakika?"

Regina aliangalia. Aliangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kopo tupu, akaingiza mkono mpaka kwenye kitako, akagusa pande zote.

"Kavu," alisema kwa sauti.

"Basi liandike nalo."

Daftari halikuwa na safu ya kopo. Regina alichukua rula, akachora mstari mpya pembezoni mwa ukurasa, juu akaandika "kopo la nje", chini yake akaweka sifuri. Kisha akaenda mlingotini, akangoja Shakila amwambie kama kuna bendera ya kupandisha.